Sindano Haikurudi Sifuri

Mama alikuwa ameifunga simu kiunoni, ndani ya kitenge, na mimi ndiye niliyelikaza fundo. Ninaanzia hapo kwa sababu watu wengine wote wanaanzia kwenye makofi. Ukipita leo soko la Kalundu, pale ninapouza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, watakusimulia jinsi mdogo wangu Gédéon alivyofanya défense yake, yaani kuitetea kazi yake ya chuo mbele ya maprofesa, na jinsi kile kidude chake kilivyotembea ukumbini mpaka kikamkamata mtu. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nafunika beseni langu na kunyamaza, maana nikifungua mdomo hakuna atakayenunua kitu kwangu siku hiyo.

Gédéon ni kitinda mimba wetu. Alisoma fizikia katika chuo hapa Uvira, na mémoire yake, ile kazi ya kuandika ya kuhitimu, ilihusu kitu chenye jina refu la Kifaransa ambalo lilinichosha kabla halijaisha. Nyumbani kwangu tulikiita kidude tu. Chenyewe kilitoka ng'ambo, kwa watu wa maabara aliowaandikia bila kuchoka mpaka wakamhurumia, kikaja ndani ya kaboksi kadogo kama ka pete ya harusi. Ukikitazama unaona kipande cheusi kisichojaza hata ukucha.

Alikuwa akija kula kwangu, na kabla sahani haijafika ameshaanza.

"Dada, sikiliza. Mule ndani kuna tabaka mbili za sumaku, nyembamba kupita kitu chochote umeshika na mukono. Katikati yao kuna ukuta. Umeme haupaswe kupita mu ule ukuta, lakini ukuta ni mwembamba sana, umeme unapenya."

"Kama panya."

"Kama panya, sawa. Sumaku ya chini imefungwa, haigeuke. Ya juu iko huru. Zikiangalia upande moja, umeme unapita muzuri. Zikipingana, unapita kwa taabu. Sasa wimbi la simu likifika, linasukuma umeme mbele na nyuma, mbele na nyuma, na wakati ule ule linatingisha ile sumaku ya juu. Ikitingishika kwa mudundo wa wimbi, umeme unaenda mbele mwingi kuliko unarudi nyuma. Ile tofauti njo kitu tunapima."

Nikamwambia nimeelewa, ni mlevi anayerudi nyumbani: hatua kubwa mbele, hatua ndogo nyuma, na mwishowe utamkuta mlangoni kwake. Gédéon akaweka mkono chini ya kidevu akafikiri.

"Ni ile ile," akasema. "Lakini siwezi kusema mulevi mbele ya maprofesa wa jury."

Sifa ya kidude ilikuwa kusikia wimbi dhaifu mno, lile ambalo vyombo vingine vinaliacha lipite. Alikipachika juu ya ubao mdogo wenye antena fupi, na pembeni kulikuwa na skrubu ya kusogeza sumaku nyingine ya nje. Ukiisogeza, unachagua ni wimbi gani lisikike na lipi lisisikike. Juu kulikuwa na sindano. Pakiwa na wimbi, sindano inapanda. Pasipokuwa na wimbi, inalala kwenye sifuri. Sifuri hiyo aliipigania kuliko kitu kingine. Alikuwa akiniambia kwamba kifaa kisichojua kunyamaza hakiwezi kuaminiwa kinaposema.

Haya mapenzi ya mawimbi aliyatoa kwa Papa. Papa yetu, Jean-Marie, ni mkulima wa Kiringye, mpunga na muhogo. Tulipokuwa wadogo alikuwa na redio, na waya wake aliutundika juu ya mkaratusi nyuma ya nyumba ili ashike stesheni za mbali. Ukipita karibu wakati anasikiliza, sauti inakwaruza. Hakuwa anagomba. Alikuwa anainua mkono tu, polepole, na kusema, "Usitembee. Unaharibu mawimbi." Basi tunasimama hapo hapo, mguu mmoja juu, mpaka habari ziishe. Mimi nilikuwa nachoka na kukimbia. Gédéon alikuwa anabaki amemshikia waya.

Wakati wa kupandikiza mpunga, pression ya damu ya Papa ilipanda akaanguka shambani. Alipoamka, upande wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yalikuwa yamekwisha. Macho yalielewa kila kitu, mkono wa kushoto ulishika, lakini mdomo ulitoa sauti moja tu, ya chini, ambayo ilibidi tujifunze kuisoma.

Kwetu, mtu mwenye mtihani haambiwi habari mbaya. Tumelelewa hivyo. Babu akifa wakati mtoto anafanya examen, mtoto anaambiwa babu amesafiri, na siku anapomaliza karatasi ya mwisho ndipo anaambiwa aketi. Hakuna anayeona ni uongo. Tulipokusanyika Kiringye, Papa mdogo Hyacinthe, ndugu yake Papa, akasema Gédéon asiambiwe mpaka défense ipite. Mimi nikasema vile vile, na kwa sauti kubwa kuliko yake. Mama alisema neno moja.

"Ataniuliza."

"Akuulize," nikamjibu. "Minye nitamujibu."

Na nikamjibu kweli. Kila alipokuja kula aliniuliza Papa iko wapi, mbona simu yake haipiti. Nikamwambia iliingia maji. Akiuliza tena, nikamwambia Papa analinda mpunga na ndege, huko shambani hakuna réseau, weye soma. Mimi nikidanganya ninadanganya vizuri, na nilikuwa najisifu kwa hilo. Gédéon akawa ananituma: mwambie Papa leo sindano imetulia, mwambie kidude kimesikia simu iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Nikienda Kiringye nilimwambia Papa yote hayo sikioni. Nusu ya uso wake ilikuwa inacheka, nusu imekaa tu.

Ndipo nikamuuliza mwenyewe, "Papa, unataka kusikia défense?" Alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma. Tangu aanguke, hilo ndilo jambo pekee aliloliomba.

Basi mpango ulikuwa wangu. Mama atapiga simu kabla mambo hayajaanza, ataiacha wazi, ataifunga kiunoni chini ya kitenge, na itabaki hivyo mpaka jury itangaze. Huko Kiringye, Papa mdogo Hyacinthe na vijana wa jirani watambeba Papa kwa mkeka mpaka kwenye kilima kidogo nyuma ya kanisa, maana réseau inashika pale tu, na Hyacinthe ataishikilia simu yake sikioni mwa Papa. Papa atasikia mwanawe akitangazwa kwa jina lake. Kisha tutamketisha Gédéon na kumwambia. Niliona ni mpango mzuri mno.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Unajua défense za kwetu, ni harusi isiyo na bibi harusi. Ukoo mzima ulivaa kitenge kimoja, cha bluu na maua ya njano, nilichochagua mimi. Kulikuwa na wanawake wenye poda ya kummwagia mshindi, na vitenge vipya vya kumtandikia njiani. Mama aliketi safu ya mbele, mimi ubavuni mwake. Katibu wa chuo akasimama, akasema tuzime simu zote, jury haitaki milio. Mama akaninong'oneza, "Yetu hailie." Nikamwambia ndiyo, hailii. Hapo tulikuwa wakweli wote wawili, tulidhani ugomvi ni wa milio.

Gédéon alizungumza vizuri. Suti ilikuwa ya kuazima, mabega yamemzidi, lakini alipoanza kueleza hakuna aliyeangalia mabega. Aliwaeleza kuhusu zile sumaku na ule ukuta, na alipofika kwenye umeme unaokwenda mbele kuliko unavyorudi, akanitazama kidogo, akasema, "Dada yangu anasema ni mulevi anarudi kwake." Ukumbi ukacheka, na rais wa jury, profesa Bertrand, mzee mwenye miwani mizito, akacheka pia. Niliona raha. Nilifikiri, Papa anasikia hii.

Kisha akaonyesha. Mwisho wa ukumbi alikuwa ameweka kamtambo kadogo ka kutuma wimbi dhaifu. Akakawasha, sindano ikapanda, na kwa kuwa alikuwa ameiunganisha na mashine ya kutupa picha ukutani, kila mtu aliiona.

"Sasa ninakazima," akasema, "na mutaona inarudi sifuri."

Akakazima. Sindano ikashuka, lakini haikufika. Ikabaki juu ya sifuri inatetemeka, inapanda kidogo, inashuka kidogo. Gédéon akagusa nyaya. Akaangalia mtambo, umezimwa. Katika jury kulikuwa na mama mmoja, profesa Keza, aliyevuka mpaka kutoka Bujumbura kwa ajili ya kazi hiyo. Akainama mbele.

"Mtambo wako umezimwa," akasema, "na kifaa chako bado kinaongea. Kinaongea na nani?"

Watu wakacheka. Gédéon akaizungusha ile skrubu, sindano ikalala. Akairudisha, ikapanda tena. "Ingekuwa kelele ya kifaa, isingefuata sumaku," akasema. "Hii ni wimbi la kweli. Kuna simu iko wazi humu ndani."

"Inawezekana," Keza akasema, bila ubaya. "Inawezekana pia ni skrubu yako inayogusa waya. Mimi siwezi kujua. Lakini kama huionyeshi sifuri, vipimo vyote vya mémoire hii vinakaa juu ya nini?"

Hata mimi muuza ndagala nilielewa. Akishindwa kuifikisha sindano sifuri, kazi yake yote imekwenda. Na simu iliyoizuia ilikuwa kiunoni mwa mama yake, ikimpelekea baba yake kila neno.

Mama alinigeukia. Alikuwa ameelewa pia, niliona kwenye macho. Mkono wake ukaenda kiunoni, na mimi nikaushika, nikatikisa kichwa. Nilijiambia Gédéon ana akili, atapata njia nyingine. Nilijiambia wakati umebaki mdogo, jury itangaze tu, Papa asikie, mengine tutayapanga baadaye. Na kuna jingine, nitalisema: niliogopa kuonekana. Mimi ndiye niliyekuwa nimewapanga watu wote, nikawavalisha, nikawaelekeza pa kuketi, na sikutaka kusimama mbele ya maprofesa niwe ndiye mjinga aliyeharibu.

"Ndugu zangu," Gédéon akasema, "naomba, mwenye simu wazi aizime."

Wanafunzi wakainua simu zao juu, vioo vyeusi, waonekane. Akaomba tena. Sindano ikaendelea kutetemeka ukutani, kubwa, kila mtu anaiona. Gédéon ana hasira zangu, tumezaliwa nazo, zinakuja haraka na zinachagua maneno mabaya.

"Kuna muntu humu anaharibu kazi yangu," akasema, kwa sauti iliyojaza ukumbi. "Anajua, na anakaa kimya. Muntu wa namna hiyo hana haya. Afazali angebakia kwake."

Nilikaza mkono wa Mama.

Ndipo akachomoa ule ubao na nyaya zake, akaushika mbele yake, akaanza kutembea. Hapo ukumbi ulichangamka. Wanafunzi wakasimama juu ya viti. Alipita upande wa kushoto, sindano ikashuka. Akarudi katikati, ikapanda. Profesa Keza akasimama na kumfuata kwa nyuma, miguu laini, akitazama. Alipoelekeza antena nyuma, ikashuka. Alipoigeuza mbele, ikapanda kabisa. Mtu akasema, "Inamunusa, inamunusa," na watu wakaanza kupiga makofi kwa mdundo.

Akafika kwenye safu yetu. Hakuwa anatazama nyuso, alikuwa anatazama sindano. Alipita mbele yangu, akashusha antena, ikasogea, ikafika kwenye kiuno cha Mama, na sindano ikapanda mpaka mwisho kabisa.

Kwetu mwana wa kiume aliyekomaa hatazami kiuno cha mama yake, sembuse kukielekezea chombo mbele ya watu. Gédéon aliinua macho akaona ni nani. Antena ikabaki pale pale kwa muda, kwa sababu mkono wake ulikuwa umesahau kuishusha. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nyuma yangu mwanafunzi mmoja akasema, "Mama iko na mupenzi ku laini," na wakacheka upya, hata watu wa ukoo wetu, hata wale wenye poda.

"Mama," Gédéon akasema. "Toa."

"Hii hailie, mwanangu." Mama aliisema chini sana, anaangalia viatu vyake.

"Toa, Mama. Wananingojea."

Mama akajaribu kulifungua fundo, vidole vikashindwa. Nililikaza mimi, kwa hiyo nililifungua mimi. Mbele ya maprofesa na wanafunzi na mashemeji, niliinama nikafungua kitenge cha mama yangu kiunoni, shumizi yake nyeupe ikaonekana, nikatoa simu yenye joto la tumbo lake. Nikampa Gédéon.

Kati ya fundo na mkono wake kulikuwa na nafasi ya kusema. "Usikate, ni Papa." Ni maneno machache. Nilifungua mdomo. Nikamwona profesa Bertrand anatabasamu na kuandika kitu, nikamwona Keza ametingisha kichwa kwa kuridhika, nikaufunga.

Gédéon hakutazama kioo. Alibonyeza tu. Sindano ikashuka, ikafika sifuri, ikalala, haikutikisika tena.

"Sifuri," akasema, na akaugeuza ubao ili jury ione.

Ukumbi wote ulisimama. Profesa Keza ndiye aliyeanza kupiga makofi. Alisema mbele ya watu wote kwamba hajawahi kuona onyesho zuri kama lile, kwamba kama familia ilipanga mchezo huo, basi familia inastahili nusu ya alama. Watu wakacheka tena, wakatupungia. Mimi nikapunga. Mama alikuwa anafunga kitenge chake, fundo halikushika, akakishika kwa mkono, na alikishika hivyo mpaka tulipofika nje. Jury ilitoka, ikarudi, profesa Bertrand akasoma: grande distinction, daraja la juu. Akataja jina lote, pamoja na jina la baba. Nililisikia likisomwa na nilijua halifiki kokote.

Nje, uani, walimmwagia poda mpaka suti ikawa nyeupe, wakatandika vitenge, wakaimba. Kulikuwa na bukari, ugali wetu, na samaki na sombe ya majani ya muhogo. Nilikuwa nagawa chakula kwa nguvu, nikimkaripia kila mtu, ili asiwepo wa kusema nami. Gédéon akaja, amekumbatia kidude chake, anacheka, kope nyeupe za poda.

"Dada, sasa tumupigie Papa. Leo atawaacha wale ndege wa mupunga, apende asipende."

Akatoa mfukoni simu ya Mama, ile ile aliyoikata. Akatafuta namba, na hapo akaona ni nani aliyekuwa kwenye laini na kwa muda gani. Kicheko kilikaa usoni mwake kidogo, hakikujua pa kwenda.

"Mama alikuwa anaongea na Papa mudogo? Défense yote?"

"Hakuwa anaongea," nikasema. "Alikuwa anamusikilizisha Papa."

Nikamwambia yote, nimesimama, mwiko mkononi. Jinsi Papa alivyoanguka, mdomo, mkono, mkeka, kilima nyuma ya kanisa. Nilisema haraka, bila kupumua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Poda iliyokuwa chini ya macho yake ilianza kuloa.

"Nilimukata Papa."

"Hukujua."

"Minye sikujua," akasema. "Weye ulijua."

Hakupaza sauti. Ningefurahi angenipiga kofi pale uani, watu waone, nikajua tumemalizana. Alirudi kwa wageni akawashukuru mmoja mmoja. Alipiga namba ya Hyacinthe mara kwa mara, haikupita. Walikuwa wameshashuka kilimani.

Asubuhi tulichukua taxi-bus sisi watatu. Tukapita Sange, tukapita Bwegera, mpunga umesimama kijani pande zote, na hakuna aliyeuangalia. Gédéon alivaa suti ile ile, poda imebaki kwenye mishono, ubao wake juu ya magoti. Mama hakunilaumu. Alikuwa amekaa kati yetu, mkono kiunoni, kana kwamba fundo bado linafunguka.

Papa mdogo Hyacinthe alitupokea uani kwa furaha. Alimkumbatia Gédéon, akampongeza kabla hajajua matokeo, kisha akaanza kusimulia, maskini, hakujua anasimulia nini.

"Tulisikia vizuri sana, mpaka kwenye mulevi. Mzee alicheka kwenye mulevi. Kisha tukasikia unasema kuna muntu anaharibu kazi, hana haya, abakie kwake. Mzee akaanza kupiga mukeka na ule mukono wa kushoto. Anapiga, anaonyesha simu, anapiga. Minye nikazani iko na furaha. Nikamusogezea simu karibu zaidi. Akaisukuma, nikamurudishia. Akalia. Halafu ikakatika yenyewe."

Mama aliketi chini, hapo hapo uani.

Nilielewa polepole, na Gédéon alielewa haraka. Papa ndiye aliyetufundisha kwamba mtu anaweza kuharibu mawimbi kwa kupita tu. Kwa hiyo, aliposikia yale maneno kule kilimani, alitambua mara moja ni simu yao inayoharibu, akaona kwamba asiye na haya ni yeye. Alitaka simu ikatwe. Aliomba kwa mkono aliobaki nao, na hatukumwelewa.

Alikuwa amelala ndani, karibu na dirisha. Alipomwona Gédéon mlangoni, aligeuza uso ukutani. Gédéon akaketi sakafuni na suti yake.

"Papa, nimepata grande distinction. Papa, sikujua ni weye. Yale maneno hayakuwa yako."

Papa alitoa ile sauti yake ya chini, akairudia, bila kugeuka. Miezi ile yote nilikuwa nimejifunza kuisoma, na sikuhitaji kumtafsiria mtu. Alikuwa anatuomba msamaha.

Sijawahi kuona haya kama siku ile, na nimeuza samaki sokoni tangu nikiwa msichana, nimetukanwa kila namna. Nilitamani sakafu inimeze na beseni langu.

Gédéon alivuta kigoda karibu na kitanda. Akaweka ubao juu yake, akaanza kuunganisha nyaya.

"Nitaanza upya," akasema. "Yote. Weye njo jury yangu."

Papa akageuka. Akautazama ubao, antena, skrubu, akatazama sindano, ambayo ilikuwa imeanza kupanda kidogo na kushuka. Akaitazama muda. Kisha mkono wake wa kushoto ukaingia chini ya mto, ukatoka na simu ya Hyacinthe, iliyokuwa imeachwa pale tangu jana. Tulidhani anataka kumpigia mtu. Kidole gumba kilitafuta kitufe cha pembeni, kikateleza, kikakitafuta tena, kikabonyeza na kubaki kimebonyeza mpaka kioo kikawa cheusi. Akaiinua, akamwonyesha Gédéon pande zote mbili, ili aone kwamba imezimwa.

Gédéon akazima yake. Mama akazima ya kwake, nami nikazima yangu, maana simu inayotafuta réseau nayo inatoa wimbi. Sindano ikalala kwenye sifuri.

"Anza, mwanangu," Mama akasema.

Papa akainua ule mkono wa kushoto, polepole, kama zamani chini ya mkaratusi, ili mtu yeyote asitembee. Mimi nilikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nikabaki hivyo hivyo mpaka Gédéon alipomaliza.